Akiba ya Chakula Bora Nyumbani: Mwongozo Kamili, Kuanzia Hesabu Hadi Rafu

Saa moja jioni mpishi amechoka, watoto wanauliza chakula kitaiva saa ngapi, na mkono unaingia kabatini kuchukua chochote kilicho karibu. Uamuzi huo wa dakika moja hujirudia kila siku, na kwa sehemu kubwa ndio unaoilisha familia mwaka mzima. Nia njema ya asubuhi haina nguvu saa hiyo. Chenye nguvu ni kilichopo kabatini, kiasi chake, na kama bado kinafaa kuliwa. Ndiyo maana kazi kubwa ya lishe ya nyumbani hufanyika kabla ya kuwasha jiko.

Hatua ya 1: Anzia kwenye sufuria, dukani utaenda baadaye

Chukua karatasi uandike milo ambayo nyumba yenu huipika kweli. Achana kwanza na mnayotamani kupika. Andika ile ambayo ikipita wiki mbili haijapikwa, mtu ataulizia. Familia nyingi huzunguka kwenye milo michache tu, na hiyo inatosha kuanzia. Chini ya kila mlo orodhesha vinavyoingia, kisha weka alama kwenye vinavyojirudia: vitunguu, nyanya, mafuta, chumvi, nafaka moja au mbili, kitu cha jamii ya kunde, mayai. Hivyo ndivyo visivyotakiwa kuisha ndani ya nyumba.

Sasa pitia tena kila mlo ukiuliza: protini iko wapi, mboga iko wapi, na nafaka yake imekobolewa au la? Mlo wenye wanga na mafuta peke yake hauna haja ya kufutwa, uongezee tu. Tambi zenye mchuzi wa nyanya zikitiwa adesi au samaki wa kopo, na juu yake konzi mbili za mboga za majani, zinakuwa chakula kamili bila mtu kujifunza upishi mpya. Hicho ulichoongeza ndicho kinachoingia kwenye orodha ya akiba.

Nasisitiza mpangilio huu kwa sababu ushauri mwingi wa vyakula vya afya huanza na ununuzi wa mbegu fulani na unga fulani ambao hakuna mtu nyumbani anayejua utaingia kwenye mlo upi. Pakiti hizo huzeeka zikiwa hazijafunguliwa, nazo kwa kawaida ndizo zilizogharimu zaidi.

Hatua ya 2: Piga hesabu

Hesabu yenyewe ni nyepesi: kiasi cha mlo mmoja, zidisha kwa idadi ya mara mnazokula kitu hicho kwa wiki, zidisha kwa wiki zinazopita kati ya manunuzi. Ukipata jibu, ongeza sehemu moja ya tano kwa ajili ya wageni na dharura.

Tuseme nyumba ina wazazi wawili, mtoto wa miaka 8 na mwingine wa miaka 4. Mtu mzima hutosheka na gramu 75 hivi za mchele mkavu, mkubwa wa watoto 50, mdogo 40. Jumla ni gramu 240 kwa mlo. Ukipikwa mara tatu kwa wiki ni gramu 720, na kwa wiki nne ni karibu kilo 2.9. Ongeza ile sehemu ya tano, unafika kilo 3.5. Familia hiyo ikinunua gunia la kilo 25 kwa sababu bei ya jumla ni nafuu, ijue imenunua mchele wa miezi minane. Si lazima iwe vibaya, kwani mchele mweupe uliohifadhiwa pakavu huvumilia muda mrefu. Ila lazima kuwe na chombo cha kuuweka, na ile fedha iliyofungwa humo haitanunua mboga.

Kwenye mboga ndipo hesabu inaposhtua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku kwa kila mtu kuanzia miaka 10, gramu 350 kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, na gramu 250 kwa wa miaka 2 hadi 5. Viazi, mihogo na mizizi mingine ya wanga haihesabiwi humo. Kwa familia yetu ya mfano hiyo ni kilo 1.4 kwa siku, karibu kilo 10 kwa wiki. Linganisha na kikapu ulicholeta nyumbani wiki iliyopita. Kwa watu wengi tofauti ni kubwa, na hakuna mbegu ya pakiti itakayoiziba.

Kilo 10 za mboga laini hazikai wiki nzima bila kuoza. Kwa hiyo panga mboga zako kwa mafungu: za kuliwa siku mbili tatu za kwanza (majani, matunda yaliyoiva), za kusogea hadi mwisho wa wiki (karoti, kabichi, nyanya zilizonunuliwa zikiwa ngumu), na za akiba ya kweli (boga zima, vitunguu, nyanya za kopo, njegere za kugandishwa). Mboga zilizogandishwa zisidharauliwe. Huvunwa zikiwa zimekomaa, hutiwa maji ya moto kwa muda mfupi na kugandishwa mara moja, hivyo virutubisho vyake mara nyingi havipungui kuliko vya mboga "freshi" iliyokaa siku tano ikinyauka.

Hatua ya 3: Rafu kavu

Nafaka isiyokobolewa ina nyuzinyuzi na vitamini zaidi, lakini pia imebaki na kiini chake, na kiini kina mafuta. Mafuta hayo yakikaa na hewa na joto huharibika. Ndiyo sababu mchele wa kahawia na unga usiokobolewa huanza kutoa harufu nzito na uchungu fulani ulimini wakati mchele mweupe bado mzima. Nunua wa mwezi mmoja au miwili, weka sehemu penye ubaridi, na kama friza ina nafasi, unga ukae humo. Ubaridi huo huua pia mayai ya fukusi: pakiti mpya ya unga au nafaka ikikaa siku nne kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri, wadudu wengi waliokuja nayo hawatoki hai. Iache irudie joto la kawaida ikiwa bado imefungwa, ndipo uimimine kwenye chombo, la sivyo umande utaingia ndani.

Jamii ya kunde inastahili nafasi kubwa kuliko kitu kingine chochote kwenye rafu hii. Gramu 100 za maharage makavu zina protini ya gramu 20 au zaidi, pamoja na nyuzinyuzi, madini ya chuma na foleti (vitamini ya kundi la B), na zinakaa bila umeme. Kinachowakatisha watu tamaa ni muda wa kupika. Basi tuone namna ya kuyapika.

Weka aina mbili. Adesi ni za siku ya kuchoka: hazihitaji kulowekwa na huiva kwa dakika 20 hadi 30. Maharage na dengu ni za siku yenye nafasi, na zipikwe nyingi kwa mpigo. Chambua mawe na punje zilizotoboka, osha, loweka usiku kucha kwenye maji mengi, kisha maji hayo yamwage. Tia maji mapya, yachemke kwa nguvu, yaani yakitokota hasa, kwa dakika 10 zisizopungua (wengine hushauri 30), ndipo upunguze moto. Dakika hizo hazirukwi. Maharage mabichi, hasa yale mekundu makubwa, yana sumu ya asili iitwayo lektini, na punje chache tu zisizoiva zinaweza kumtapisha mtu ndani ya saa chache. Moto mdogo tangu mwanzo, kama wa sufuria za umeme za kupika polepole, hauivunji sumu hiyo.

Nyanya, limau na siki vingoje hadi punje zilainike, kwa sababu tindikali huchelewesha kuiva. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, kwa hiyo mimi huona kuloweka ndiyo njia bora. Ikiwa umeloweka vizuri na bado maharage hayaivi, yaelekea yamezeeka. Kunde zilizokaa miaka kwenye joto hukakamaa kiasi kwamba hakuna moto unaozilainisha vizuri, na hapo hata muuzaji mwenye bei nafuu amekugharimu.

Kikombe kimoja cha maharage makavu hutoa vikombe viwili na nusu hadi vitatu vya yaliyoiva. Gawa kwa kiasi cha mlo mmoja, tia na mchuzi wake kidogo, acha nafasi juu kwa sababu maji hupanuka yakiganda, andika tarehe, gandisha. Jioni ya kuchoka unayo maharage yaliyoiva tayari, nusu ya kazi imekwisha. Yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, kama nyanya, pilipili hoho au chungwa, mwili hufyonza madini yake ya chuma vizuri zaidi. Chai na kahawa hufanya kinyume, kwa hiyo zisogezwe mbele au nyuma ya mlo kwa saa moja hivi.

Karanga, lozi na korosho ni vitafunwa vizuri kuliko biskuti, mradi hazina chumvi nyingi na hazina kuvu. Hapo pa kuvu usifanye masihara. Punje iliyobadilika rangi, iliyonyauka au yenye ukungu inaweza kuwa na sumukuvu ya aflatoksini, ambayo huongeza hatari ya saratani ya ini na haiondoki kwa kukaanga wala kuchemsha. Zitupwe, hata mifugo isipewe. Zilizo nzima ziweke kwenye chombo kinachofungwa vizuri, mahali pakavu. Na kwa mtoto chini ya miaka mitano, punje nzima humkaba. Mpe zilizosagwa.

Samaki wa kopo, hasa dagaa wanaoliwa na miba yao, ni protini, mafuta ya omega-3 na kalisi kwa pamoja. Maharage ya kopo nayo yawepo mawili matatu. Ukiyamwaga maji yake na kuyasuuza, chumvi hupungua kwa zaidi ya theluthi moja. Kopo lililovimba, linalovuja au lililobonyea kwenye maungio halifunguliwi wala halionjwi.

Mafuta ya kupikia yana maadui watatu: mwanga, joto na hewa. Chupa kubwa angavu inayokaa pembeni mwa jiko inakutana nao wote. Nunua chupa inayokwisha ndani ya miezi miwili, na iwekwe kabatini. Jambo moja la pembeni ambalo wengi hawalijui: vitunguu saumu vibichi vilivyolowekwa kwenye mafuta na kuachwa mezani ni mazingira mazuri ya bakteria wa botulizimu (sumu ya chakula inayoweza kuua), ambao hupenda pasipo na hewa. Tengeneza kidogo, weka kwenye friji, maliza ndani ya siku chache.

Chumvi iwe yenye madini joto, ifunikwe, ikae mbali na mvuke, na itiwe chakula kikikaribia kuiva ili madini hayo yasipotee sana. Kiwango cha juu kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, na humo imo chumvi iliyokuja na mkate, mchuzi wa pakiti na soseji.

Hatua ya 4: Vibichi

Sehemu kubwa ya mboga zinazooza nyumbani huozeshwa na jirani zake. Ndizi, matufaha, parachichi na nyanya zinapoiva hutoa gesi ya ethilini, na mboga za majani zikiipata hugeuka manjano upesi. Zitenganishe. Gesi hiyo hiyo inaweza kukufaa: parachichi gumu likifungwa kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu huiva mapema.

Mboga za majani zikija, ondoa yaliyooza na kamba iliyozifunga, zifunge kwenye kitambaa safi au karatasi ya jikoni, ziingie kwenye friji ndani ya mfuko. Kitambaa hunyonya maji ya ziada ambayo ndiyo huzifanya zigeuke utelezi. Ziosheni mnapokaribia kupika. Karoti zikatwe majani yake, kwa sababu yanaendelea kunyonya maji kutoka kwenye mzizi. Nyanya zibaki nje hadi ziive.

Viazi vinataka giza, ubaridi kiasi na hewa inayopita. Visikae na vitunguu, maana kila kimoja humharibu mwenzake. Sehemu iliyogeuka kijani ni dalili ya mwanga, na hapo huenda solanini, sumu ya kiazi yenyewe, imeongezeka. Kama ni kidogo, kata kwa kina. Kama kiazi kizima ni kijani au kichungu, tupa.

Mayai yakiwa yalitoka kwenye friji ya dukani, yaendelee kukaa kwenye friji, ncha yake nyembamba ikitazama chini. Ukitilia shaka umri wake, liweke yai kwenye bakuli la maji. Likilala chini ni la karibuni, likisimama wima limekaa, likielea limezeeka sana, kwa kuwa mfuko wa hewa ndani yake hukua kadiri unyevu unavyotoka. Kipimo hiki hupima umri tu, hakioni bakteria, kwa hiyo livunje kwenye kikombe pembeni na ulinuse kabla ya kuchanganya na mengine.

Hatua ya 5: Friji, na nyumba isiyo na friji

Friji iwe nyuzi 4 za Selsiasi au 5 isizidi, friza nyuzi 18 chini ya sifuri. Kipimajoto kidogo kinatosha kukuambia ukweli, kwa sababu namba za kwenye kitufe hazina uhusiano wa moja kwa moja na joto. Nyama na samaki wabichi wakae rafu ya chini kabisa, kwenye bakuli, maji yao yasidondokee saladi.

Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili. Wali uharakishwe zaidi: vijidudu vya Bacillus cereus hutengeneza mbegu zinazostahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa vuguvugu mbegu hizo huamka na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia pana upoe, uingie kwenye friji, uliwe siku inayofuata. Viporo vingine vina siku tatu hadi nne, na vikipashwa vipate moto hadi katikati, zaidi ya nyuzi 70.

Kwa nyumba isiyo na friji mwongozo huu haubadiliki sana, unaegemea tu zaidi kwenye rafu kavu. Maziwa yawe ya unga au ya pakiti ndogo inayokwisha kwa mkupuo. Adesi zipite maharage kwa wingi, kwa kuwa unapika kinachoisha siku hiyo. Mboga zinunuliwe kidogo kidogo, na boga, kabichi na karoti ziwe ndizo nguzo.

Hatua ya 6: Soma lebo kwa nusu dakika

Acha picha ya mbele na maneno makubwa, geuza pakiti. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwa uzito. Sukari ikiwa ya kwanza au ya pili, umeshapata jibu. Angalia pia majina yake mengine, kama glukosi, shira na fruktosi. Kisha tazama jedwali kwa gramu 100. Kwa kipimo kinachotumika Uingereza, sukari ikizidi gramu 22.5 au chumvi gramu 1.5 ni nyingi. Lebo ikitaja sodiamu badala ya chumvi, zidisha kwa 2.5. Ukifanya hivi mara moja kwa kila kitu mnachonunua mara kwa mara, huna haja ya kurudia hadi mbadilishe aina.

Tarehe nazo zina maana mbili. "Tumia kabla ya" huhusu usalama na ifuatwe. "Bora kabla ya" huhusu ladha na ubora, na tambi zilizopita tarehe hiyo kwa mwezi mmoja, zikiwa kavu na safi, ni chakula.

Hatua ya 7: Mzunguko

Kilichoingia kwanza kitoke kwanza. Kwa vitendo maana yake ni kwamba unaporudi na manunuzi, vya zamani unavivuta mbele na vipya vinakwenda nyuma. Unapojaza chombo cha unga, usimimine mpya juu ya wa zamani. Toa wa zamani, kisugue chombo kikauke kabisa, tia mpya, kisha wa zamani uwe juu. Mabaki yaliyogandamana kwenye kona za chini ndiyo makazi ya fukusi.

Bandika karatasi ndani ya mlango wa kabati yenye safu tatu: kitu, kiwango cha chini, na alama ya kununua. Kiwango cha chini ndicho cha maana. Kwa mchele wa ile familia yetu kiwe gramu 720, yaani wiki moja. Ukishuka hapo, yeyote aliyeuona aweke alama, hata mtoto anayejua kuandika. Siku moja kabla ya kwenda kununua, pikeni kutokana na vilivyobaki: karoti zilizolegea na adesi za mwisho huwa supu, ndizi zilizoiva kupita kiasi huingia kwenye uji au mtindi. Usiku huo huo karatasi ishushwe mlangoni, na yenye alama ndiyo iende dukani.